Kahawa ya Kilimanjaro, chandarua cha Arusha na swali la nani anaamua

Katika mikutano ya vyama vya msingi vya ushirika huku Kilimanjaro, taarifa ya bei ikishasomwa na kikao kikifika kwenye mengineyo, hakosekani mjumbe wa kusimama na kuuliza kwa nini tunaendelea kuuza kahawa ghafi ilhali wenzetu wa Ulaya na Japani wanaikaanga na kuvuna faida. Kwa nini tusikaange wenyewe? Nimelisikia swali hilo tangu nikiwa mtoto wa kutumwa kuwapelekea wazee maji ya kunywa, na bado ninalisikia leo. Ni swali la haki, na anayeliuliza kwa kawaida ni mtu aliyeinama chini ya mibuni miaka thelathini bila kuona nyumba yake ikibadilika. Hata hivyo, ndani yake kumefungwa maswali mawili ambayo yasipotenganishwa hatupati jibu la lolote kati yake. La kwanza linahusu kazi: katika safari ya bidhaa kutoka shambani hadi kwa mlaji, sisi tunafanya hatua zipi? La pili linahusu maamuzi: nani anapanga bidhaa iweje, iitwe jina gani, ipokelewe kwa masharti yapi, na hasara ikitokea imwangukie nani? Mjadala wetu wa kuongeza thamani umeng'ang'ania swali la kazi, nami ninaamini kwamba swali la maamuzi ndilo lenye uzito zaidi katika kipato cha mkulima na cha taifa.

Wachumi huita mnyororo wa thamani ule mfululizo wa kazi zote zinazoifanya bidhaa iwepo na imfikie mtumiaji, yaani kubuni, kulima au kuchimba, kusindika, kufungasha, kusafirisha, kutangaza na kuuza. Mnyororo ukivuka mipaka, kila nchi ikifanya kipande chake, unakuwa wa kimataifa. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 2020, ilikadiria kwamba karibu nusu ya biashara ya dunia hupita katika minyororo ya namna hiyo. Nchi inaweza kushiriki kwa njia mbili kuu. Inaweza kuuza malighafi ambayo wengine wataitumia kutengeneza bidhaa zao na kuziuza tena, au inaweza kununua vipande kutoka nje, ikaviunganisha na kuuza kilichokamilika. Tanzania hushiriki zaidi kwa njia ya kwanza. Ninapoiita nchi ndogo sizungumzii eneo wala watu, kwa maana sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Ninazungumzia uzito wetu sokoni. Kahawa yetu yote, ya Kilimanjaro, Arusha, Mbinga, Mbozi, Kigoma na Kagera ikijumlishwa, haifiki asilimia moja ya kahawa ya dunia, wakati Brazili peke yake hutoa takribani theluthi. Sisi tukivuna sana au tusipovuna, bei ya dunia haitikisiki.

Ni kosa kudhani kwamba mikoa hii ya kaskazini ndiyo kwanza inaalikwa kwenye minyororo hiyo. Wamisionari Wakatoliki waliotesha mibuni ya arabika Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na tangu hapo gunia la kahawa lilikuwa na njia ya kwenda baharini. Walowezi walipoanza kudai kwamba Waafrika wazuiwe kulima arabika, wakulima wa Kichagga walijiunga mwaka 1925 katika chama cha Kilimanjaro Native Planters' Association, ambacho Joseph Merinyo alikuwa kiongozi wake, na mwaka 1933 ukazaliwa mrithi wake, Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU. Hili ninalisema kwa uzito. Babu zetu hawakuungana ili wakaange kahawa, bali ili wasiamuliwe na mtu mwingine nani alime, nani anunue na kwa bei gani. Walilielewa swali la maamuzi mapema kuliko wengi wetu.

Sasa tuitazame kahawa yenyewe kwa karibu, kwa sababu watu wengi wanaosema tunauza kahawa ghafi hawajawahi kukaa siku nzima mahali inapotayarishwa. Mama yangu mkubwa ana kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kichagga, upande wa Kibosho, chini ya ekari moja, migomba juu na mibuni chini, na mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unapita ukingoni. Msimu ukifika huchuma tunda jekundu pekee, akirudia mti uleule mara nne au tano kwa sababu matunda ya tawi moja hayaivi kwa pamoja. Yaliyochumwa asubuhi lazima yamenywe siku hiyohiyo, kwa sababu yakilala huanza kuchacha ndani ya ganda na ladha huharibika. Mashine ya mkono ya kumenyea huzungushwa jioni, ute huachwa uchache usiku mmoja au miwili kwenye ndoo, kahawa ikaoshwa mpaka punje ikwaruze ikishikwa, kisha ikatandazwa kwenye kichanja cha wavu. Kwa takribani wiki mbili itageuzwa mara kadhaa kwa siku, itafunikwa jua likiwa kali saa sita mchana, itafunikwa tena umande ukianza, na wakati wote huo mikono itakuwa ikipita juu yake kutafuta punje iliyotobolewa na mdudu au iliyogeuka rangi. Mwaka jana nilikaa naye kichanjani nikamwona akirudi mara ya tatu kwenye fungu ambalo mimi niliona limeshakuwa safi. Nilipomwambia inatosha, alijibu bila kuinua macho: "Mwanangu, punje moja iliyooza inanuka gunia zima, na atakayeinusa simjui wala hanijui."

Maneno hayo yanaeleza mnyororo wa thamani vizuri kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Ile si malighafi kwa maana ya kitu kilichookotwa. Inahitajika takribani kilo sita za matunda mabivu ili ipatikane kilo moja ya kahawa safi, yaani iliyokobolewa lakini haijakaangwa, ileile tunayoiita ghafi, na sehemu kubwa ya ladha itakayomfurahisha mnywaji wa mbali imeamuliwa tayari pale kichanjani, kwa ujuzi na kwa muda wa mtu ambaye hajui nani atainunua. Yeye hupeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi na kupokea malipo ya awali. Kiwanda cha kukoboa huondoa maganda na kuchambua punje kwa ukubwa, uzito na rangi, ndipo yanapatikana madaraja kama AA, A, B na PB. Waonjaji huonja sampuli, kahawa inapelekwa mnadani, msafirishaji hununua, gunia la kilo 60 linakwenda bandarini, na miezi kadhaa baadaye mama yangu mkubwa anaweza kupata malipo ya pili, au asipate. Katika msururu huo wote yeye ndiye anayesubiri muda mrefu kuliko wote huku akiwa na mtaji mdogo kuliko wote.

Wale wanaotaka kuonyesha dhuluma ya biashara hii hupenda kulinganisha bei ya kilo ya kahawa na bei ya kikombe mjini London. Hesabu hiyo inafaa ifanywe, lakini ifanywe kikamilifu. Mwezi Februari 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 kwa pauni moja ya uzito, kiwango ambacho kilikuwa hakijawahi kuonekana, na hiyo ni karibu dola 8.80 kwa kilo. Kilo moja ya kahawa safi ikikaangwa hupoteza maji na kubaki gramu 840 hivi, na kwa gramu 10 kila kikombe hupatikana vikombe 84. Kikombe kikiuzwa dola 4 mkahawani, kilo ile imegeuka kuwa dola 336. Mtu akiishia hapo atasema mkulima ameibiwa mara arobaini. Ila ndani ya dola zile 4 kuna kodi ya pango la mtaa wa gharama, mishahara ya wahudumu, maziwa, umeme, kodi ya serikali na kiti ambacho mteja anakikalia saa nzima. Mkahawa unauza mahali na huduma kuliko unavyouza kahawa, na hata kama tungekaanga kila punje hapa Moshi, pango la London lisingehamia Moshi. Ulinganisho wenye maana ni kati ya kahawa safi na paketi ya kahawa iliyokaangwa inayouzwa dukani, na hapo tofauti ni ndogo zaidi, ingawa bado ni kubwa kiasi cha kutuhangaisha.

Basi kwa nini paketi hiyo haitoki kwetu? Jibu linalotolewa haraka ni ushuru, kwamba mataifa tajiri huruhusu kahawa safi iingie bure na kutoza ile iliyokaangwa. Ni kweli kwamba Umoja wa Ulaya hautozi ushuru kwenye kahawa safi na hutoza asilimia 7.5 kwenye iliyokaangwa. Lakini Tanzania imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na tangu mwaka 2001 nchi hizo zinaruhusiwa kuingiza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru na bila kikomo cha kiasi. Mlango wa kahawa iliyokaangwa kutoka Tanzania umekuwa wazi kwa zaidi ya miaka 20, nasi hatujaupita kwa wingi. Kinachozuia kiko kwingine.

Kuna suala la muda kwanza. Kahawa safi iliyohifadhiwa vizuri hukaa miezi mingi bila kuharibika, lakini ikishakaangwa huanza kupoteza harufu katika wiki chache, na safari ya meli peke yake hula wiki hizo. Inaweza kuwekwa kwenye mfuko wenye vali ya kutolea gesi, na hilo husaidia, lakini mifuko yenyewe mara nyingi huagizwa kutoka nje. Suala la mchanganyiko lina uzito zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya kahawa inayonyweka duniani ni mseto wa punje za nchi kadhaa, Brazili kwa uzito, Vietnam kwa bei nafuu, na arabika ya milimani kama yetu kwa harufu na uchachu. Mkaangaji wa Hamburg ananunua kutoka kote na anabadilisha vipimo kadiri bei zinavyobadilika, huku mnywaji asijue lolote. Mkaangaji wa Moshi akitaka kufanya hivyo itambidi aagize kahawa ya Brazili, jambo ambalo ni gumu hata kulifikiria. Kisha kuna rafu ya duka kubwa, ambayo hupatikana kwa matangazo ya miaka mingi, kwa uwezo wa kuleta mzigo kila wiki bila kukosa, na kwa mtaji wa kungoja malipo ya siku 60 au 90, katika nchi ambayo mkopo wa benki hauna huruma.

Uswisi haina mbuni hata mmoja shambani, lakini thamani ya kahawa inayouza nje inapita ile ya chokoleti na jibini lake. Haikufika hapo kwa sababu Waswisi wanajua kuchoma punje kuliko sisi. Kukaanga ni kazi rahisi, hata mama yangu mkubwa hukaanga kwenye kikaango cha chuma na harufu ikasikika kwa jirani. Walichonacho wao ni jina, mashine zilizosajiliwa hataza, mtandao wa mauzo na uhuru wa kuamua kahawa ya nani iingie kwenye mchanganyiko. Wameshika maamuzi, ndiyo sababu hatua ya kukaanga inawalipa. Kampuni nyingine inayokaanga bila kushika hayo hubaki kuwa kibarua wa mwenye jina, hata ikiwa iko Ulaya.

Mfano wa Japani unanigusa zaidi kwa sababu jina linalohusika ni letu. Japani ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa arabika ya Tanzania, na huko kahawa yetu inajulikana kwa jina la mlima. Kwa taratibu za wafanyabiashara wa kahawa wa nchi hiyo, jina Kilimanjaro linaweza kutumika kwa arabika ya Tanzania isipokuwa ile ya Bukoba, kwa hiyo hata kahawa ya Mbinga, ambako kilele cha Kibo hakionekani hata kwa ndoto, inaweza kuuzwa kwa jina hilo. Mchanganyiko nao huruhusiwa kuitwa Kilimanjaro endapo walau asilimia 30 ya punje zake ni za aina hiyo. Sisemi kwamba Wajapani wametukosea; wao walijiwekea utaratibu ili kumlinda mnywaji wao, na bila utaratibu huo asilimia ingeweza kuwa tano. Ninachosema ni kwamba kanuni ya nini kiitwe Kilimanjaro imeandikwa na watu wanaokaanga, na wanaoishi chini ya mlima wenyewe hawakuwapo mezani. Ethiopia ilipambana na hali kama hiyo kwa kuomba umiliki wa alama za biashara za Sidamo, Harar na Yirgacheffe katika masoko ya nje, ikavutana na kampuni ya Starbucks, na mwaka 2007 pande hizo mbili zikafikia makubaliano. Kahawa iliyokuwa ikijadiliwa ilikuwa ileile ghafi. Ethiopia haikujenga hata kikaango kimoja cha ziada ili kushinda hoja ile.

Ethiopia ina nguvu nyingine ambayo sisi hatuna, nayo ni kwamba karibu nusu ya kahawa yake hunywewa na wananchi wenyewe. Huku kwetu wengi ni watu wa chai, na anayekunywa kahawa nyumbani mara nyingi hukoroga ya unga iliyotengenezwa Bukoba. Wakaangaji wadogo wa Moshi na Arusha, ambao wameongezeka, hutegemea sana watalii wanaopanda mlima au kwenda mbugani. Ningependa kuona jambo hili likichukuliwa kwa uzito zaidi kuliko ndoto ya rafu za Ulaya, kwa sababu mteja wa karibu hamlazimishi mtu kupambana na umri wa kahawa iliyokaangwa, na mkaangaji aliyemzoea mteja wa Arusha na Dodoma anajifunza kuamua ladha.

Upande wa bei, mamlaka ya kuamua tuliwahi kuwa nayo kidogo, kupitia mikataba. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa mwaka 1962 uligawa viwango vya mauzo kati ya nchi wazalishaji kwa makubaliano na nchi wanunuzi, na ulisaidia kuzuia bei isiporomoke. Mwezi Julai 1989 viwango hivyo viliachwa, na katika miezi michache bei ilishuka kwa takribani nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifika chini kiasi kwamba katika vihamba vingi vya Machame, Uru na Marangu watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi au wakaongeza majani ya ng'ombe wa maziwa. Nchi ndogo kwenye soko haiwezi kupanga bei peke yake. Iliweza kukaa mezani kwa sababu ilikaa na wenzake.

Sasa tuhamie Arusha, ambako kuna ushiriki wa aina ya pili. Kiwanda cha A to Z, kilichoanza kama kiwanda cha nguo, kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani, ambayo iliitoa bila kudai ada ya leseni. Katika chandarua hicho dawa aina ya permethrini huchanganywa ndani ya plastiki ya polithilini kabla nyuzi hazijavutwa, hivyo hujitokeza kidogokidogo juu ya uzi na haiishi kwa kufuliwa mara chache. Baadaye kampuni hizo mbili ziliungana katika mradi wa pamoja, na uwezo wa uzalishaji ukakua hadi takribani vyandarua milioni 30 kwa mwaka, pamoja na ajira za maelfu ya watu, wengi wao wanawake vijana wa Arusha na vijiji vya jirani.

Mwenye kupenda viwanda ataona kwamba hii ndiyo hadithi tuliyokuwa tukiitafuta: bidhaa iliyokamilika, imefumwa na kushonwa hapa, ikavuka mipaka kwenda kuokoa watoto wa nchi nyingine. Ninaiheshimu sana. Lakini hesabu zake hazifanani na tunavyofikiri. Chandarua kikiuzwa nje, takwimu za mauzo huandika bei yake yote kama mauzo ya Tanzania, ingawa chembechembe za plastiki na dawa viliingia nchini kwa fedha za kigeni na mashine vilevile. Thamani iliyozaliwa hapa ni ile ya kazi, umeme, usimamizi na faida inayobaki. Gunia la kahawa, kinyume chake, limebeba thamani ambayo karibu yote imezaliwa nchini, tukiondoa dawa za mimea, dizeli na gunia lenyewe, ambalo zamani lilifumwa hapahapa Moshi katika kiwanda cha magunia. Kwa kipimo hicho kahawa tunayoiita ghafi ni ya Kitanzania kuliko chandarua tunachokiita bidhaa ya kiwandani. Si sababu ya kukidharau chandarua. Ni sababu ya kuacha kupima ushiriki wetu kwa kutazama kama bidhaa imekamilika au haijakamilika.

Kwenye maamuzi nako, mnunuzi mkuu wa vyandarua si mama anayelala chini yake. Ni mashirika kama UNICEF na Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, yanayonunua kwa zabuni kubwa na kufuata bidhaa zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani. Mbu walipojenga usugu dhidi ya dawa za kundi la permethrini, shirika hilo lilipendekeza mwaka 2017 vyandarua vyenye kiambato cha kudhoofisha usugu huo, na mwaka 2023 likapendekeza vyenye dawa ya pili, klofenapiri. Mapendekezo yote mawili yalikuwa sahihi kwa afya ya watu, na sisi wenyewe tunalala salama zaidi kwa sababu yake. Ila kwa mtengenezaji yeyote wa vyandarua, popote alipo, maana yake ni kwamba bidhaa ya jana inaweza kukosa zabuni kesho, na anayesalimika ni yule mwenye maabara, wanakemia na uhusiano wa kumwezesha kubadilika haraka. Hapo ndipo ninapoona thamani halisi ya kiwanda cha namna hii: mafundi na wasimamizi wa ubora waliolelewa ndani yake kwa miaka 20, ujuzi ambao unaweza kuhamia kwenye plastiki nyingine au biashara nyingine hata kama mnunuzi akibadili mawazo.

Minyororo mingine ya kaskazini nitaipitia kwa haraka. Mashamba ya Usa River na maeneo ya jirani hupeleka Ulaya maharage machanga, maua na vipandikizi, na huko anayeamua ni mwenye duka, kupitia vyeti vya kilimo bora na viwango vya mabaki ya dawa. Sehemu ya mzigo huo kwa muda mrefu imepita Nairobi ingawa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, upo tangu mwaka 1971, kwa sababu ndege ya mizigo hutua palipo na mizigo mingi. Tanzanaiti iligunduliwa Mirerani mwaka 1967, ikapewa jina la nchi yetu na kampuni ya vito ya Tiffany ya Marekani, na kwa miaka mingi imekatwa zaidi Jaipur nchini India. Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa mawe makubwa ghafi, na mwaka 2018 ikazindua ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo. Ukuta umesaidia kuzuia utoroshaji, na ninauunga mkono. Lakini jiwe lisilopatikana kwingine popote duniani lilitupa nafasi ambayo kahawa haitupi, na bado sauti yetu katika kupanga madaraja na bei zake ni ndogo kuliko inavyopaswa.

Jaribio la sasa linakuja tena kwa mlango wa kahawa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayozuia kuingizwa kwa kahawa, kakao, mbao na bidhaa nyingine kadhaa zilizotoka kwenye ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini dai lake la msingi liko wazi: mwingizaji aweze kuonyesha viwianishi, yaani namba za mahali kwenye ramani, vya kila shamba ambako kahawa ilitoka. Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania hulimwa na wakulima wadogo. Kihamba cha Kichagga, ambacho kwa vizazi vingi kimefunika mteremko kwa miti, migomba na mibuni, kiko mbali kabisa na kosa ambalo sheria inalipiga vita, lakini ndicho kilicho kigumu kuthibitisha, kwa kuwa kidogo, kimegawanywa kwa watoto wa kiume, na mara nyingi hakina hati.

Gharama ya uthibitisho itatafuta mtu wa kuibeba, na katika mnyororo gharama huteremka kuelekea kwa asiye na uwezo wa kukataa. Kampuni inayonunua inaweza kujitolea kuwapimia wakulima mashamba yao bure, kwa simu zake na mfumo wake, na wengi watashukuru. Tatizo ni kwamba ramani ya wakulima wa kata nzima, pamoja na idadi ya mibuni, aina yake na mavuno ya kila mwaka, itakuwa mali ya kampuni hiyo. Kesho mkulima akitaka kumuuzia mnunuzi mwingine itabidi aanze upya. Chama cha msingi kikipima chenyewe na kutunza takwimu hizo, kahawa inabaki huru kumwendea yeyote anayelipa vizuri. Kazi ya kupima ni ileile, simu ni ileile, vijana wanaopita kihamba hadi kihamba ni walewale. Tofauti iko kwenye daftari linabaki kwa nani.

Kwa hiyo mjumbe anaposimama na kuuliza kwa nini hatukaangi, ningetamani mwenyekiti amjibu kwa kuuliza: miche inayovumilia ugonjwa wa chulebuni kutoka kituo cha utafiti cha Lyamungo imefika kwenye vihamba vingapi vya chama chetu, nani kati yetu amefunzwa kuonja kahawa yetu kabla ya mnunuzi hajaionja, na ramani za mashamba yetu anazo nani. Nimewahi kuingia kwenye chumba cha kuonjea mjini Moshi. Vikombe vilipangwa kwenye meza ndefu, kila sampuli na namba yake, na kijana wa Kibosho alipita akifyonza kijiko kwa sauti, akitema, akiandika. Alipofika kwenye kikombe cha saba alisimama, akarudia, akaandika alama ya chini kuliko ambayo mnunuzi aliyesimama kando yake alikuwa ameiandika, na akaeleza kwa nini: kahawa ile ilichelewa kumenywa. Mnunuzi alionja tena, akafuta ya kwake. Wiki iliyofuata kijana yule alipanda hadi kwenye chama kilicholeta sampuli hiyo, akakaa na wakulima chini ya mgomba, akawaeleza kuhusu saa ya kumenya kwa Kichagga.